Mlango wa Mkubwa Ndio Mlango wa Mwizi

Hakuna ofisi ya umma isiyo na masijala, na hakuna masijala isiyo na utaratibu. Jalada halitoki humo mpaka liandikwe katika daftari. Anayelichukua hutaja jina lake na cheo chake, na akilirudisha huandikwa siku aliyolirudisha. Chumba kina mlango mmoja, mlango una kufuli, na ufunguo una mtu wa kuulizwa pindi upoteapo. Utaratibu huo haukuwekwa ili kuwasumbua watumishi. Uliwekwa kwa sababu yaliyomo ndani ya majalada hayo si mali ya aliyeketi kitini. Ni mishahara ya watu, viwanja vya watu, maradhi ya watu, na matokeo ya mitihani ya watoto wa watu.

Leo majalada mengi yamehama. Yamo ndani ya kompyuta, kompyuta hizo zimeunganishwa kwa mtandao, na mtandao huo waingilika kutoka nyumbani, kutoka hotelini, hata kutoka nchi za mbali. Hilo peke yake si kosa. Ni maendeleo, na wananchi wana haki ya kunufaika nayo. Kosa ni kwamba majalada yamehama lakini utaratibu wa masijala umeachwa nyuma. Nasema wazi, na wenye kukasirika na wakasirike: njia ya kuingilia mtandao wa ofisi kutoka mbali ni mlango wa umma, na anayeanza kuuharibu mara nyingi ni mkubwa wa ofisi mwenyewe, anayetaka apate mlango wake peke yake. Mwizi huja baadaye, akaukuta uko wazi.

Yafaa tuanze na asili ya jambo lenyewe, maana wengi hulizungumza bila kulijua. Kabla intaneti haijaenea, mtu aliyetaka kuifikia kompyuta ya ofisi kutoka mbali alitumia simu ya kawaida. Chombo kiitwacho modemu kiligeuza ishara za kompyuta kuwa sauti, sauti zikapita katika waya za simu, na modemu nyingine ofisini ikapokea na kuzigeuza tena kuwa ishara. Mwendo wake ulikuwa wa kinyonga. Modemu za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipitisha biti 300 au 1,200 kwa sekunde, na hata zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikuvuka biti 56,000. Hata hivyo karani wa hesabu aliweza kuisoma leja iliyo mji mwingine bila kupanda basi, na fundi aliweza kutengeneza mtambo usiku wa manane bila kutoka kwake. Hapana mwenye akili timamu anayeweza kuubeza msaada huo.

Lakini simu humlilia kila anayeipiga. Haichagui mwenye nyumba wala mpita njia. Kwa hiyo ofisi iliyofunga modemu ilikuwa na kinga mbili tu: kwamba namba yake haijulikani, na kwamba neno la siri halijulikani. Kinga ya kwanza ilikuwa ya kujidanganya. Programu ndogo ya kompyuta iliweza kupiga namba zote za mtaa, moja baada ya moja, kuanzia sifuri nne hadi tisa nne, na kuziandika zile zilizopokewa na mlio wa modemu. Mwaka 1983 filamu ya Marekani iitwayo WarGames iliwaonyesha vijana wa dunia nzima jinsi jambo hilo linavyofanywa.

Wataalamu wa siku hizo hawakulala. Walibuni njia nzuri ya kuulinda mlango huo. Mtumishi akipiga simu na kutaja jina lake pamoja na neno la siri, mashine ya ofisi ilikata simu, kisha yenyewe ikaipigia namba iliyoandikishwa ya mtumishi huyo. Mwizi aliyeiba neno la siri hakupata kitu, maana simu ililia nyumbani kwa mwenyewe. Utaratibu huo ulikuwa rahisi na wa haki. Ulikuwa na dosari moja tu machoni pa wakubwa: ulimlazimu kila mtu awe mahali alipojiandikisha. Mkubwa akasema, "Na mimi nikiwa safarini?" Basi akafungiwa laini yake mwenyewe isiyopitia utaratibu. Mwingine hakusubiri hata kufungiwa. Alinunua modemu dukani, akaichomeka katika simu ya mezani kwake, akaiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha. Ofisi ikawa na lango la chuma mbele na tundu ukutani nyuma, na mlinzi akalipwa kulinda lango.

Tutazame yaliyotokea, maana historia ya jambo hili haina siri. Mwaka 1983 huko Milwaukee, Marekani, kikundi cha vijana waliojiita 414, kwa kufuata namba ya simu ya eneo lao, kiligunduliwa kuwa kimeingia katika kompyuta nyingi za taasisi kubwa. Miongoni mwa hizo ilikuwamo maabara ya Los Alamos, ambako lilibuniwa bomu la kwanza la atomiki, na hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering ya New York. Hawakuwa na jeshi wala fedha. Walikuwa na kompyuta za nyumbani, modemu na simu. Walijaribu maneno ya siri ya kawaida, yale ambayo mitambo hutoka nayo kiwandani, wakakuta wenye mitambo hawakuona haja ya kuyabadili.

Tarehe 10 Machi 1997 huko Worcester, katika jimbo la Massachusetts, kijana mmoja alipiga simu kwa modemu na kuingia katika mtambo wa kampuni ya simu ulioliunganisha eneo la uwanja wa ndege. Mtambo ule ulikuwa umewekewa mlango wa simu ili mafundi wa kampuni wapate wepesi wa kuuhudumia bila kusafiri. Kijana akauzima. Kwa muda wa saa sita hivi mnara wa kuongozea ndege ulikosa simu, kikosi cha zimamoto cha uwanja kikakosa simu, na njia inayowawezesha marubani kuwasha taa za barabara ya kutulia ikakatika. Hakuna ndege iliyoanguka, na Mungu ashukuriwe. Lakini hebu mtumishi wa umma ajiulize: mlango ule ulifunguliwa na nani? Kijana hakuutoboa. Aliukuta umefunguliwa kwa ajili ya wepesi wa kazi.

Sasa nitaje matukio mawili yaliyoachana kwa miaka 35, nami naomba yasomwe kwa pamoja. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mtu asiyejulikana alikuwa akiingia kutoka mbali na kutumia akaunti ya mtaalamu ambaye alikwisha kuondoka katika maabara hiyo na kwenda kufanya kazi Uingereza. Mwenye ufunguo alikuwa amehama, ufunguo ukabaki msumarini. Mwaka 2021 wahalifu waliingia katika mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline, yenye bomba la mafuta la urefu wa karibu kilomita 8,900 kutoka Texas hadi pwani ya mashariki ya Marekani. Waliingia kwa akaunti ya zamani ya kuunganishia kutoka mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikufungwa, na ambayo ilihitaji neno la siri peke yake bila uthibitisho wa pili. Tarehe 7 Mei bomba lilisimamishwa, na lilianza tena tarehe 12 Mei. Watu walipanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kampuni ikawalipa wahalifu fidia ya bitikoini 75, zilizokuwa na thamani ya karibu dola milioni 4.4.

Katika miaka hiyo 35 modemu zilikwisha kutupwa, waya zikabadilishwa, na kompyuta za chumba kizima zikawa za kutiwa mfukoni. Kitu kimoja hakikubadilika, nacho ni ufunguo wa mtu asiyekuwapo. Basi asije mtu akatuambia kwamba tatizo hili ni la ufundi, na kwamba sisi tusio mafundi tukae kimya. Ufundi umebadilika mara kumi. Kilichobaki vilevile ni uzembe wa utawala, na uzembe wa utawala ni jambo ambalo kila mtumishi ana haki ya kulisema.

Wapo watakaojibu kwamba mambo ya kupiga simu kwa modemu yamepitwa na wakati. Ni kweli. Hata kampuni ya AOL ya Marekani, iliyowaingiza mamilioni ya watu katika intaneti kwa njia ya simu, iliifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Lakini simu imeondoka na mlango umebaki. Leo ofisi huwafungulia watumishi njia ya siri ndani ya intaneti, ile ijulikanayo kwa herufi VPN, au huweka programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuiona na kuiendesha kompyuta ya ofisini kana kwamba ameketi mbele yake. Ile laini ya mkubwa ya zamani nayo imevaa nguo mpya. Utamsikia mkurugenzi akimwambia kijana wa TEHAMA, "Niwekee hicho kitu nikiwa nyumbani nifanye kazi, lakini usinisumbue na mambo ya namba za kuthibitisha." Kijana yule yuko katika kipindi cha majaribio. Barua yake ya kuthibitishwa kazini inasubiri sahihi ya mkurugenzi huyohuyo. Je, atakataa? Hatakataa. Atafungua, atanyamaza, na jambo hilo halitaandikwa popote.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Mtumishi wa chini hana uwezo wa kujitolea msamaha katika kanuni. Msamaha hutoka juu. Mkubwa akisamehewa leo, katibu muhtasi wake atasamehewa kesho ili amsaidie mkubwa, na dereva aliyetumwa kuchukua kompyuta ataambiwa neno la siri kwa simu. Mzabuni aliyeuza mfumo atapewa njia yake ya kudumu, kwa sababu mkubwa anataka matatizo yatatuliwe upesi. Ukihesabu, utakuta ofisi ina milango saba na daftari linautaja mmoja. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa wakizungumzia wageni.

Na tusiwaonee wakubwa peke yao. Tabia ya mkubwa hufundisha. Wapo walimu wanaompa kijana wa stesheneri jina na neno lao la siri ili awajazie taarifa zao katika mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji kazi, kwa sababu mtandao shuleni ni dhaifu na muda haupo. Mwalimu huyo hashindwi kufahamu hatari yake. Amejifunza kwamba katika utumishi neno la siri ni karaha ya kupitishwa haraka, kwa kuwa hajapata kumwona mkuu wake akiliheshimu. Halafu siku taarifa zake zikibadilishwa, atamshitaki nani? Mfumo utaonyesha kuwa aliyeingia ni yeye mwenyewe.

Nimekwisha kusikia utetezi wa aina tatu. Wa kwanza ni kwamba ulinzi unachelewesha kazi. Utetezi huu hauna kichwa wala miguu. Kuthibitisha mara ya pili kwa namba inayokuja katika simu ya mkononi huchukua muda wa kufungua kufuli ya mlango. Mkubwa asiyekuwa na muda huo hana muda wa kuwa mkubwa. Tena ni nani aliyepima muda unaopotea pale ofisi nzima inapokaa wiki bila kulipa mtu, kwa sababu taarifa zake zimefungwa na wahalifu wanaodai fidia?

Utetezi wa pili ni kwamba sisi ni wadogo, na kwamba hakuna mwizi wa dunia anayejua iliko halmashauri yetu. Jibu lake limo katika maelezo ya programu ile ya kupiga namba zote za mtaa. Haikuwa ikimtafuta mtu. Ilipiga kila namba, na anayeitika ndiye aliyetafutwa. Programu za leo hufanya vivyo hivyo katika anwani za intaneti, usiku na mchana, nazo hazisomi kibao cha ofisi kwanza. Udogo haufichi kitu mbele ya mashine isiyochoka.

Utetezi wa tatu unatoka upande wa pili, nao ni wa waoga: kwamba dawa ni kufunga kabisa, kila mtu aje ofisini, na asiyeweza kuja asubiri. Nchi yetu ina uzoefu wa dawa za namna hiyo. Mwaka 1974, baada ya kompyuta ya Hazina kushindwa kutimiza yaliyotarajiwa, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Mashine zilizuiwa, lakini marufuku haikumfundisha mtu hata mmoja namna ya kuzisimamia, na baadaye ilibidi ilegezwe. Ukiifunga njia halali ya kuingilia kutoka mbali, afisa aliye Ngara au Nanyumbu atasafiri siku mbili kufuata kinachoweza kusomwa kwa dakika mbili. Mwenye cheo atatafuta tundu, kama wenzake wa zamani walivyochomeka modemu mezani. Mlango halali unaolindwa ndio unaoyaondolea matundu sababu.

Basi kifanyike nini? Kwanza, kila ofisi ihesabu milango yake na kuiandika: upi uko wapi, ulifunguliwa lini, kwa idhini ya nani, na unatumiwa na nani. Usioandikwa ufungwe siku hiyohiyo, hata kama ni wa mkurugenzi. Kazi hii haihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje. Inahitaji kalamu na ujasiri.

Pili, kila ufunguo uwe na jina la mtu mmoja. Akaunti moja ya usimamizi inayotumiwa na watu saba haina tofauti na ufunguo wa masijala uliofichwa chini ya chungu cha maua. Siku hasara itakapotokea, saba hao watatazamana.

Tatu, uthibitisho wa pili uwe sharti kwa kila aingiaye kutoka mbali, na cheo kisiwe sababu ya msamaha. Kinyume chake, ufunguo wa mkubwa hufungua vyumba vingi kuliko wa karani, kwa hiyo ndio unaostahili kulindwa zaidi.

Nne, mtumishi akihamishwa, akistaafu, akifukuzwa au akifariki, ufunguo wake ufe siku hiyo. Tunayo makabidhiano ya gari, ya nyumba, ya samani, hata ya vijiko vya ofisi. Mtu hapewi barua ya kuondoka mpaka arudishe kitambulisho. Kwa nini akaunti yake iachwe ikielea? Afisa Utumishi na afisa wa TEHAMA wapeane taarifa kabla mtu hajafungasha mizigo.

Tano, mzabuni afunguliwe mlango anapokuja kufanya kazi, atazamwe anapofanya, na ufungwe amalizapo. Hatumwachii fundi wa paa ufunguo wa nyumba kwa mwaka mzima eti mvua ikinyesha aje mwenyewe.

Sita, daftari la walioingia lisomwe. Nilitaja maabara ya Lawrence Berkeley. Mgeni yule aligunduliwaje? Katika hesabu za matumizi ya kompyuta ilionekana tofauti ya senti 75. Mwanafalaki mmoja, Clifford Stoll, akaagizwa kuitafuta. Wengi wetu tungeifuta kwa kalamu nyekundu na kwenda kunywa chai. Yeye aliifuata kwa miezi mingi, na mwisho wake ukapatikana mjini Hannover, katika iliyokuwa Ujerumani ya Magharibi, kwa watu waliokuwa wakiliuzia shirika la ujasusi la Kisovieti taarifa walizoziiba. Senti 75! Haikuwa mashine ghali iliyomfichua mgeni yule. Ilikuwa hesabu isiyolingana na mtu aliyekataa kuipuuza. Ofisi zetu nazo zina madaftari ya kompyuta yanayojiandika kila siku. Swali ni nani anayeyafungua.

Sheria haituachii visingizio. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomtia hatiani anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila haki. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamwelekezea kidole mwenye kuhifadhi taarifa za watu kwamba azilinde. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kuingia. Ya kufunga mlango ni yetu, na haifai kumwachia hakimu kazi ya mlinzi.

Kuna msemo unaopendwa sana katika ofisi baada ya madhara, kwamba ajali haina kinga. Msemo huo usitumike hapa. Akaunti ya mtu aliyeondoka miaka miwili iliyopita si ajali. Neno la siri lililotoka kiwandani likaachwa vilevile si ajali. Mlango uliofunguliwa kwa amri ya mdomo, bila barua wala daftari, ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe.

Kwa hiyo natoa rai kwa watumishi na walimu: atakayeagizwa kufungua mlango usioandikwa, aombe agizo hilo kwa maandishi. Ni haki yake, na ni adabu ya utumishi. Amri nyingi za namna hiyo hufa zinapoombwa karatasi. Kwa wakubwa rai yangu ni fupi zaidi. Kesho asubuhi mwiteni afisa wenu wa TEHAMA, mkamwulize mna milango mingapi, kisha mwagizeni aanze kwa kuufunga wa kwenu.